Keria ya Baiskeli

Alhamisi, tarehe 5 Machi

Makamaradi, ninyi mliobaki na meno yote na ninyi mnaotafuna upande mmoja tangu Jumanne, ninawasalimu kwa ngumi iliyoinuliwa. Kamati imeazimia kwamba muhula huu uwe na shajara yake, na kwamba mimi, Katibu wenu, niiandike na kuisoma mbele yenu kila tukutanapo, ili asije mtu siku za usoni akatuambia kwamba hatukuona tulichokiona.

Tulichokiona ni hiki. Jumanne saa mbili na robo asubuhi, lori la walinzi wa chuo lilimgonga Kengele kwenye kona ya maktaba, likambana ukutani pamoja na baiskeli yake, likarudi nyuma, likaondoka. Kengele, mwanafunzi wa mwaka wa tatu wa uhandisi, tulimpa jina hilo kwa sababu kengele ya baiskeli yake ndiyo iliyotuita mikutanoni tangu uongozi ututaifishie vipaza sauti. Nilikishika kichwa chake. Kwa nyuma kilikuwa laini mahali ambapo kichwa cha mtu hakipaswi kuwa laini. Kila pumzi ilimtoa povu jekundu puani, kisha pumzi zikaisha. Walinzi waliporudi na virungu kututawanya, baiskeli tulikuwa tumekwisha kuiondoa.

Leo uongozi umebandika tangazo: mwanafunzi aliteleza kwenye tope, akaangukia mfereji. Aliteleza. Herufi tisa, na lori zima limefichwa ndani yake.

Lakini baiskeli ni nyekundu, na kwenye bomba la chini la fremu kuna mkwaruzo wa rangi ya kijani, urefu wa kiganja. Na lori la walinzi, makamaradi, ni la kijani.

Ijumaa, tarehe 6 Machi

Mvua. Mama yake Kengele amefika. Hakulia. Aliomba aoneshwe kona.

Jumatatu, tarehe 9 Machi

Tuliandamana watu mia nne kuelekea jengo la utawala, mikono mitupu, mvua ikitupiga usoni. Askari hawakusubiri tufike ngazini. Waliingia katikati yetu kama watu wanaofyeka nyasi, wakilenga magoti kwanza, kisha vichwa vya walioanguka. Nilimwona binti wa mwaka wa kwanza akiburutwa kwa nywele juu ya kokoto mpaka blauzi yake ikabaki kola. Nilimwona mwingine akiokota jino lake na kulitia mfukoni kwa uangalifu, kama mtu anayehifadhi tikiti ya kurudia nyumbani.

Nondo, yule tuliyemwita hivyo kwa uzito wa hoja zake darasani, alimpokonya askari mmoja kirungu na kumshindilia nacho mpaka kofia ya chuma ikapasuka. Ninaandika bila haya: mlio ule niliusikia kama muziki. Katika mwili ule mpana uliosimama juu ya mwili ulioanguka nilimwona mtu mpya, mtu ambaye chuo hiki kimemzaa bila kukusudia. Kisha kirungu kingine kikanipasua nyusi, nikaona wekundu tu.

Jumanne, tarehe 10 Machi

Mvua. Nyuzi saba juu ya jicho la kulia. Amenishona Shangazi yangu, muuguzi wa wodi ya majeruhi, na kila uzi aliusindikiza kwa tusi.

Jumamosi, tarehe 14 Machi

Wakili wetu amezungumza. Uchunguzi wa kifo cha Kengele utasikilizwa Jumatatu, tarehe 20 Aprili, katika mahakama ya mji wa juu, mwendo wa saa nne kwa gari. Huko kuna mtaalamu wa rangi atakayeukwangua mkwaruzo huo kwa mkono wake na kuulinganisha na lori. Picha hazitatosha, na hata hizo zilikuwamo katika simu zilizosagwa chini ya buti siku ya Jumatatu. Wakili ametoa masharti matatu, nami nimeyaandika kwa herufi kubwa ukutani: baiskeli isifunguliwe, isifutwe, na mkwaruzo usiguswe na kitu chochote.

Mwenye pikapu aliyekubali kutubebea alivunjiwa kioo jana akiwa ndani, na sasa sikio lake la kushoto limeshikiliwa na plasta. Mabasi yanapekuliwa darajani mpaka chini ya viti. Limebaki gari la Shangazi. Lina kibandiko cha hospitali, na pale darajani hupungiwa mkono tu. Lakini ni gari dogo la milango mitatu, dogo hivi kwamba Nondo akiketi magoti yake hukaribia masikio. Baiskeli haiingii. Gurudumu la mbele limejikunja kama tarakimu nane na ekseli yake imepinda, haitoki bila msumeno, na msumeno umekatazwa. Itabidi isafiri nje ya gari, imefunikwa turubai.

Hivyo historia imetufikisha mahali ambapo haki ya marehemu inaning'inia kwenye keria.

Jumatano, tarehe 18 Machi

Nimekwenda na Shangazi kwenye duka la vipuri. Muuzaji, mtu mwenye kalamu nyuma ya kila sikio, alilizunguka gari mara mbili kisha akauliza kama na lenyewe tungependa libebwe. Shangazi alimjibu kwamba gari hilo limewahi kubeba wanawake wawili wenye uchungu kwa pamoja, na kwamba mmoja wao alikuwa mke wa mtu mwenye dharau kama yeye. Baada ya hapo tulihudumiwa vizuri.

Aina ni tatu. Ya kwanza hukaa juu ya paa. Baiskeli husimama wima, magurudumu yake yakiwa ndani ya mfereji wa bati, na mkono wa chuma hutoka pembeni kuikaba fremu. Unaikaba wapi? Bomba la chini, pale pale penye mkwaruzo. Tena paa la Shangazi ni jembamba, ukiliegemea linabonyea kwa kishindo kama debe. Ya pili hufungwa kwa mikanda na kulabu kwenye mlango wa nyuma. Baiskeli huning'inizwa kwa bomba la juu, na kila tuta barabarani huitupa dhidi ya bampa. Tena huziba taa na kibati cha namba, na hilo ni kumkabidhi askari wa darajani sababu anayoitafuta. Ya tatu ni jukwaa dogo linalochomekwa kwenye chuma cha kuvutia tela, nyuma ya gari. Hushika magurudumu tu. Lakini gari la Shangazi halina chuma hicho, na muuzaji alisema kampuni iliyolitengeneza haikuwahi kuota kwamba lingevuta kitu.

Nimeandaa ripoti ya kurasa sita kwa kamati.

Jumamosi, tarehe 21 Machi

Kamati imekutana katika chumba cha kufulia cha bweni la pili, na ndani ya saa moja tumegawanyika kambi mbili: Wapaa na Wanyuma. Wapaa walidai kwamba mkono wa chuma ukizungushiwa kitambaa hautadhuru. Wanyuma walijibu kwamba kitambaa nacho ni kitu, na wakili alisema kitu chochote. Mweka hazina, Mpaa mwenye msimamo, alihoji kama Wanyuma wametumwa na uongozi. Mjumbe wa mabweni, Mnyuma, alimjibu kwa ndoo.

Sijapata kuona ndoo ya bati ikitumika kwa ukamilifu ule. Mweka hazina alianguka juu ya sinki na sinki likang'oka. Maji yakaruka, watu wakateleza, na ndani ya maji yale wajumbe kumi na wanne wa kamati ya ukombozi wakakabana shingo, wakang'atana, wakatiana vidole machoni, wakiita majina ya vitabu walivyosoma. Nondo aliwashika wawili kwa kola na kuwagonganisha vichwa mara tatu kwa mwendo wa taratibu, kama mtu anayepiga makofi. Mimi nilikipata kifundo cha mkono wa Mpaa mmoja nikakipinda mpaka akakubali kwamba ripoti yangu ilikuwa na mantiki.

Hatukupiga kura. Hata hivyo niliondoka na moyo mkunjufu. Kamati inayogombana kwa ngumi, nilijiambia, ni kamati iliyo hai.

Jumapili, tarehe 22 Machi

Mvua. Hakuna aliyeomba radhi.

Jumamosi, tarehe 28 Machi

Shangazi amenifungua nyuzi. Nilimsomea hoja za Wapaa na za Wanyuma, naye alisikiliza akiwa ameniinamia na mkasi. Alipomaliza alisema neno moja tu la maana, na ni la maana kuliko kurasa zangu sita.

"Mgonjwa mwenye kidonda kifuani humfungi mkanda wa kifua. Unamshika miguu. Hiyo baiskeli yenu ishikeni miguu."

Yaani jukwaa, aina ya tatu. Chuma cha kuvutia tela kama hakipo kitengenezwe, achomelewe huyo punda wake chuma chini ya tumbo, alisema, mradi wamrudishe akiwa anatembea. Nyuma ya soko kuna fundi wa kuchomelea anayesifiwa na mji mzima, mtu wa makamo, mpole, aliyepiga rangi magari miaka mingi kabla ya kushika moto wa kuchomelea. Atengeneze jukwaa kwanza, kisha siku ya kulichukua gari lipelekwe alifunge.

Azimio limepita bila ndoo.

Jumanne, tarehe 7 Aprili

Mjadala mwingine: fundi aambiwe nini? Nondo alikuwa amechora mchoro mzuri wa gari, chuma na jukwaa. Kamati iliukataa. Mchoro unaonesha gari, na gari linaonesha mwenye gari. Je, aambiwe baiskeli ni ya nani? Hasha. Kila fundi ana wateja, na walinzi nao hupeleka malori yao kuzibwa matundu. Je, aonywe asiuguse mkwaruzo? Hapa nilisimama mimi, nikasema kwamba kumwonya mtu asiuguse mkwaruzo ni kumfahamisha kwamba kuna mkwaruzo. Nilipigiwa makofi. Ikaazimiwa kwamba pasiwe na mazungumzo yoyote, bali karatasi tu, fupi, isiyo na jina.

Niliiandika mwenyewe, nami ninainakili hapa kwa kumbukumbu za harakati:

"Fundi, salamu. Tafadhali tutengenezee keria ya baiskeli, imara, isiyotikisika, itakayobeba mzigo wa thamani katika safari ndefu. Vipimo chukua kwenye baiskeli hii. Iwe tayari Ijumaa saa sita mchana. Usimwoneshe mtu."

Nondo na mimi tuliibeba baiskeli begani, tumeiviringisha shuka. Fundi hatukumkuta, tukafurahi kutomkuta. Tuliiegemeza ndani ya mlango wa karakana na kuifunga karatasi kwenye usukani.

Jumatano, tarehe 8 Aprili

Mvua. Nimeisoma tena nakala ya barua yangu. Nadhani ni miongoni mwa maandishi yangu safi.

Ijumaa, tarehe 10 Aprili

Makamaradi, andiko hili sitalisoma haraka.

Tulifika saa sita na dakika tano mchana, manyunyu yakianguka. Shangazi alikuwa kwenye usukani, Nondo kando yake, mimi nyuma. Makamaradi kumi na wanane walikuwa wametangulia kwa miguu kulinda njia. Fundi alitoka akifuta mikono kwa kitambaa, akitabasamu, na nyuma yake, chini ya bati, ilisimama baiskeli.

Iling'aa. Ilikuwa nyekundu mpya kabisa, nyekundu ya duka. Gurudumu la mbele lilikuwa limenyooka. Na juu ya gurudumu la nyuma, pale unapofunga gunia au kumpakia mwenzako, palikuwa na keria nyeusi ya vyuma vinene, imechomelewa kwa ustadi ambao hata mimi, nisiyejua chuma, niliuona.

"Kazi yenu hiyo," alisema fundi. "Pakia hata mfuko wa saruji, haitikisiki. Na gurudumu nimewanyooshea, hiyo ni juu yangu."

Nilimuuliza mkwaruzo uko wapi. Hakuelewa. Nilimwonesha mahali kwa kidole.

"Ah, ule uchafu? Nimeupiga msasa."

Sikusikia tena mvua. Nilichosikia ni sauti yangu mwenyewe, ile yenu mnayoijua, ikipanda kutoka tumboni bila kuombwa. Nilipanda juu ya tairi kuukuu. Nilisema: makamaradi, mtazameni mtu aliyenunuliwa. Nilisema: Kengele aliuawa mara ya kwanza kwa lori, na leo ameuawa mara ya pili kwa msasa. Nilisema: muulizeni amelipwa kiasi gani, na kama hana mdomo wa kujibu, mfungueni. Sentensi tatu. Mnazikumbuka, kwa kuwa mlizitii.

Nondo alichomoa nondo ya kweli kutoka kwenye rundo la chuma la fundi mwenyewe. Pigo la kwanza lilimpata begani, la pili kwenye taya, nami nilisikia taya ikiachana. Kabla ya pigo lile fundi alikuwa amenitazama mimi, si Nondo, na kuuliza, "Dada, nimekosa nini?" Hilo ndilo neno lake la mwisho kulisema kwa mdomo mzima. Alianguka kwa magoti. Mmoja wenu alimkanyaga mkono wa kulia juu ya fuawe na mwingine akauteremshia nyundo, mara mbili, na vidole viwili vikawa kitu kisicho na jina la kiungo. Wengine walipiga kwa mateke, wengine kwa minyororo. Wasiomfikia waliipiga karakana: mitungi ya gesi ilivingirishwa barabarani, makopo ya rangi yakapasuliwa, karatasi za msasa zikasagwa kwenye tope. Mimi nilimpiga mateke mawili ya ubavuni. Viatu nilikuwa nimevipaka dawa asubuhi hiyo.

Mkewe alikuwa akipiga mayowe kutoka dirishani. Sikumbuki alisema nini. Nakumbuka tu kwamba mayowe yalinikera.

Aliyekomesha mapigo ni Shangazi. Alipenya kati ya miguu yenu kama anavyopenya kwenye foleni ya wodini, akajilaza juu ya fundi, na nondo iliyokuwa imekwisha kuinuliwa ilimshukia begani. Alitoa sauti ndogo, kama mtu aliyekumbuka jambo. Ndipo ninyi mkasimama.

Alipoinuka, mkono mmoja ukining'inia, aliiona karatasi. Fundi alikuwa ameitundika kwenye msumari ukutani, kama mafundi wanavyotundika kazi ya wateja.

"Nani kaandika hii?"

"Mimi, Shangazi."

"Isome. Kwa sauti, wasikie hao wanajeshi wako."

Nilisoma. Tutengenezee keria ya baiskeli. Sauti yangu, ambayo haijawahi kunitupa mbele ya umati, ilikwama kwenye neno la tatu. Shangazi alinisubiri nimalize mpaka nukta.

"Mwanangu," alisema, "umeandika keria ya baiskeli, na mtu kakupa keria ya baiskeli. Hata mimi ningefunga pale pale alipofunga yeye."

Ya. Herufi mbili. Keria ya kubebea baiskeli, keria ya kufungwa kwenye baiskeli: mimi niliyeandika insha ndefu kuhusu maneno ambamo watawala hujificha, nilijificha ndani ya herufi mbili, na kutoka humo nikaamuru mtu avunjwe.

Tulimpakia fundi kwenye gari dogo. Aliingia bila shida. Ninyi mlitawanyika. Baiskeli ilibaki ikinyeshewa, ikipendeza.

Jumamosi, tarehe 11 Aprili

Sikuweza kula. Haina umuhimu.

Jumatatu, tarehe 13 Aprili

Nimekwenda wodini. Mke wa fundi alinikuta mlangoni na kuniambia nitoke kabla hajanitia mikono. Sikubishana. Lakini fundi aliinua mkono wa kushoto, ule uliobaki mzima, mkewe akasogea. Taya yake imefungwa kwa waya. Huongea kupitia meno, polepole, na kila neno humpandisha jasho.

Nilikuwa nimeandika barua ya kuomba radhi, kurasa nne. Niliitoa.

"Usiniandikie tena," alisema.

Niliirudisha mfukoni. Kisha akanieleza, kwa vipande, jambo ambalo sisi wote, na kamati zetu, na ripoti zetu, hatukulijua. Alipiga rangi magari miaka ishirini na sita. Alipouona mkwaruzo ule, kabla ya kuugusa, mkono wake ulisita kwa mazoea, kwa kuwa haikuwa rangi ya baiskeli. Ilikuwa kijani juu na njano chini. Njano ile anaijua: ni ya malori ya zamani ya kutengeneza barabara, ambayo hupakwa upya yanapouzwa. Alishangaa baiskeli imeipata wapi. Akaona si kazi yake kuuliza, kwa sababu karatasi ilimwambia asimwoneshe mtu.

"Mngeniambia," alisema, "nisingeigusa. Ningewajengea kitanda cha chuma nyuma ya hilo gari, ilale kama mtoto."

Nilikimbia nje nikampigia wakili. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue aliniomba nirudie. Kisha akasema: lori la walinzi liko uani kwa mahakama, limefungiwa. Fundi akisema mbele ya hakimu kwamba chini ya kijani kuna njano, jambo ambalo asiyeuona mkwaruzo hawezi kulijua, hakimu anaweza kuamuru lori likwanguliwe papo hapo. Mkwaruzo umekufa, alisema, lakini shahidi wake yu hai. Mlindeni.

Sikumwambia bado kwamba wa kulindwa dhidi yao ni sisi.

Nilirudi kitandani. Nilimsihi fundi aende. Alinitazama kwa jicho moja, la pili limeziba. Sharti lake ni hili: waliompiga wote waje karakanani kwake. Mimi nisimame pale pale niliposimama, niseme kwa mdomo, si kwa karatasi, alichofanya yeye na tulichofanya sisi. Kisha tuondoke pale kwa miguu mpaka kituo cha polisi, tuseme maneno yale yale.

"Baada ya hapo ndipo nitajua kama mdomo huu nina haja ya kuufungua kwa ajili yenu," alisema.

Jumanne, tarehe 14 Aprili

Wakili anataka baiskeli ifike hivyo hivyo ilivyo. Shangazi, mkono ukiwa kwenye tanzi la kitambaa shingoni, amenunua keria ya mikanda, ile ya mlango wa nyuma, kwa muda wa dakika kumi. Sasa yoyote inafaa.

Jumatano, tarehe 15 Aprili

Kamati imekutana saa nane mchana, chumba kile kile cha kufulia, sinki bado likiwa sakafuni. Nililiweka sharti la fundi mezani. Nondo alijibu kwa utulivu, na nitamtendea haki, alijibu vizuri. Alisema kwamba tukikiri, Jumatatu hakimu atauona umma wa wahuni. Alisema uongozi utaisoma kauli yetu kwenye kila ubao. Alisema kuna njia nyingine: karakana haina jina la aliyeivunja, na mji mzima unajua nani huvunja vitu. Tuseme walinzi ndio waliompiga fundi. Umma utalipuka.

Makamaradi, sitawaficha: kichwani mwangu kipeperushi kilikuwa kimekwisha kujiandika mpaka aya ya pili, na kilikuwa kizuri.

Mama yake Kengele alikuwa ameketi kwenye ndoo iliyopinduliwa karibu na mlango. Huja kila mara na hasemi. Safari hii aliuliza, taratibu, kama anayetaka tu kuhakikisha amesikia:

"Kwa hiyo mwanangu aliteleza, na fundi alipigwa na walinzi?"

Nilisema nitakwenda karakanani hata nikiwa peke yangu. Nondo alinipiga kofi la mgongo wa mkono, nyusi ikafunguka upya. Nilimrudishia kwa kichwa, katikati ya pua, nikaisikia ikivunjika, na mlio wake haukuwa muziki wowote. Tuliangushana kwenye saruji. Aliniita msaliti. Nilimwita kwa jina lake la nyumbani, ambalo sijalitumia tangu mwaka wa kwanza. Walipotuachanisha tulikuwa tunavuja damu wote wawili na hapakuwa na aliyeshinda hoja.

Alikaa kwa muda mrefu akiwa ameinamisha kichwa, damu ikidondokea kati ya viatu vyake. Nilimtazama nikitafuta yule mtu mpya niliyemwona mwezi uliopita akiwa amesimama juu ya askari. Nilimwona kijana mwenye pua iliyovunjika, anayeogopa, mwenye mikono mikubwa ambayo mimi nimeipa kazi.

Alhamisi, tarehe 16 Aprili

Asubuhi nimempelekea fundi jibu. Nilisimama miguuni pa kitanda chake, mikono mitupu, nikalisema kwa mdomo. Nilikosea maneno mawili, nikayarudia. Hakunipa ahadi. Alimwambia mkewe amtafutie shati.

Wakili nimekwisha kumweleza yote. Amenitukana kwa lugha ambayo sikujua wanasheria wanayo, kisha akasema kweli mbaya iliyosemwa Jumamosi ni nyepesi kuliko ile itakayochimbuliwa Jumatatu. Gari dogo litaondoka kwenda mji wa juu Jumatatu alfajiri. Lina nafasi nne: Shangazi, anayeapa kwamba usukani unahitaji mkono mmoja tu, mama yake Kengele, mke wa fundi, na fundi mwenyewe, akikubali. Mimi siku hiyo huenda nikawa rumande, na pengine ndipo mahali pangu. Kati yenu kumi na wanane, kumi na mmoja wamenijibu kwamba watakuja. Nondo hajajibu.

Makamaradi, nimewahi kuwaita mara nyingi kwa maneno makubwa. Leo ninawaita kwa madogo, na nimeyasoma mara tatu kuhakikisha hayana maana ya pili. Tunakutana Jumamosi, tarehe 18 Aprili, mbele ya karakana ya fundi wa kuchomelea, nyuma ya soko. Shangazi atamleta fundi. Msije na mabango, msije na nyimbo, msijifunike nyuso. Aje kila aliyeinua mkono, na mkono huo aje nao. Nitaanza kusema saa tatu kamili asubuhi.